Gari Litangulie: Kutembea kwa Miguu Porto Covo hadi Milfontes, na Kuegesha Gari Lisbon

Tulifika Vila Nova de Milfontes, mji mdogo wa pwani ya Ureno, jua likizama, viatu vimejaa mchanga, na gari letu lilikuwa pale pale tulipoliacha jana yake. Shemeji akapapasa mfuko wa kushoto, akapapasa wa kulia, kisha akaketi ukingoni mwa barabara bila kusema neno. Ufunguo ulikuwa Porto Covo, kilomita 20 nyuma yetu, ndani ya koti alilolivua asubuhi kwa sababu ya joto. Ilikuwa Jumapili na basi la mwisho lilikwishapita. Dada yangu alimtazama mumewe kwa muda mrefu sana.

Nasimulia mkasa huu mapema kwa sababu, ukiondoa ufunguo, mpango wetu ulikuwa sahihi. Gari lilikuwa mahali linapotakiwa kuwa: mwisho wa njia, likitusubiri. Mwaka mmoja kabla tulifanya kinyume, tukaliacha mwanzoni, na siku nzima tulitembea tukiangalia saa badala ya bahari, tukihofia kuachwa na basi la kurudi. Nitakayoeleza hapa yanatokana na safari hizo mbili na nyingine zilizofuata.

Njia yenyewe

Kusini-magharibi mwa Ureno kuna mtandao wa njia za miguu uitwao Rota Vicentina, uliofunguliwa mwaka 2012. Mojawapo ni Trilho dos Pescadores, yaani njia ya wavuvi, inayofuata magenge ya bahari kwa zaidi ya kilomita 220, kutoka São Torpes karibu na mji wa Sines hadi Lagos ya Algarve, kusini kabisa mwa Ureno. Imegawanywa vipande 13, kila kimoja cha kutosha siku moja. Ni vijia vilivyokanyagwa na wavuvi wenyewe wakiifuata miamba yenye samaki. Mpaka leo utawakuta wamesimama ukingoni na mishipi yao, mahali ambapo wewe ungeogopa hata kuchungulia. Baiskeli haziruhusiwi, ni miguu tu.

Sines ndiko inakosemekana alizaliwa Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498. Ukiwa umewahi kupiga picha kwenye ule mnara wake wa Malindi, utapata raha fulani kuiona pwani aliyotoka, huku ukihesabu maneno tuliyobaki nayo: meza, bendera, leso, gereza. Hilo la mwisho ni igreja yao, nyumba ya ibada. Namna lilivyogeuka likawa jela, waulizwe watu wa Mombasa.

Kwa mtu wa mara ya kwanza napendekeza kipande cha Porto Covo hadi Vila Nova de Milfontes, kilomita 20. Ncha zote mbili ni miji midogo yenye malazi, mikahawa na maduka, na barabara ya gari inayoiunganisha haichukui nusu saa. Kipande kinachofuata, Milfontes hadi Almograve, ni kifupi zaidi, kama kilomita 15, na ndicho ningempa mtu mwenye watoto wakubwa. Cha baada ya hapo, Almograve hadi Zambujeira do Mar, ni kilomita 22, na kina Cabo Sardão, ambako korongo weupe hujenga viota juu ya nguzo za mwamba katikati ya mawimbi. Msidhani ni wale wale wanaoshuka Serengeti. Wale hutoka Ulaya ya mashariki na kupitia Mashariki ya Kati. Hawa wa magharibi huvukia Gibraltar kwenda Afrika Magharibi, na wengi wao siku hizi hawaendi popote. Utaratibu wa gari nitakaoeleza unafaa vipande vyote hivyo.

Nendeni kati ya Septemba na Juni. Julai na Agosti jua ni kali, njia haina kivuli, na fukwe zimejaa kiasi kwamba hata kupata pa kuegesha Porto Covo ni kazi ya asubuhi nzima. Sisi hupenda Oktoba na Aprili.

Kwanza jiulize kama gari linahitajika

Kama mnakwenda kutembea siku tatu nne mfululizo, kijiji hadi kijiji, gari ni mzigo. Mtakuwa mnalipia kodi yake kila siku likiwa limelala. Mabasi ya Rede Expressos huondoka stendi ya Sete Rios, Lisbon, na kupitia miji ya pwani hii, na kuna watu wanaofanya kazi ya kuhamisha mabegi kutoka nyumba ya wageni moja hadi nyingine huku nyinyi mkitembea na begi dogo la mgongoni. Malizeni kutembea, rudini Lisbon kwa basi, ndipo mkodi gari kama bado mnataka kwenda mahali.

Gari linafaa pale mnapotaka siku moja tu ya kutembea ndani ya safari ndefu, au mkiwa na mzee au mtoto ambaye hatatembea. Kundi letu lilikuwa na mama mkwe wa dada yangu. Yeye alibaki Milfontes akinywa kahawa, na kwa kweli ndiye aliyefurahi kuliko sote.

Kwa wanaotoka Tanzania, Kenya au Uganda, au wanaoishi Uingereza: Ureno huendesha upande wa kulia. Ndugu wa Kongo, Rwanda na Burundi hawataona ajabu. Jambo litakalowasumbua ni kipilefti, ambayo kule inazungukwa kinyume chake. Dada yangu aliibatiza kipiraiti na jina likabaki. Magari mengi ya kukodi yana gia za mkono, kwa hiyo anayetaka otomatiki aagize mapema na ajue bei hupanda. Leseni ya nyumbani isafiri pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendesha, kwa sababu mtu wa kaunta ya kukodisha anaweza kukitaka hata kama askari hatakuuliza. Na mnapopokea gari, ulizeni kama lina kile kidude cha Via Verde kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele cha kulipia ushuru wa barabara, na kama kimewashwa. Mwende mkijua.

Gari lilale wapi

Hapa ndipo penye moyo wa mambo. Kutembea njia ya kwenda tu maana yake jioni mtakuwa kilomita 20 kutoka mlikoanzia, mmechoka, labda mmechelewa. Asubuhi mna nguvu, mna subira, na muda mnaujua. Basi kile kipande cha usafiri chenye saa maalumu kifanyike asubuhi. Jioni ibaki huru. Gari litangulie, miguu ifuate.

Njia ninayoipenda ni hii. Laleni Milfontes, si Porto Covo. Jioni ya kuamkia safari tafuteni mahali pa kuegesha katika mitaa ya juu ya mji, mbali kidogo na ngome na ufuo, mahali pasipo na mstari wa manjano ukingoni mwa barabara. Mstari wa manjano usiokatika maana yake hata kusimama hairuhusiwi. Uliokatika-katika maana yake huruhusiwi kuegesha. Hakikisheni gari linaelekea upande magari yanakokwenda. Kisha mwombeni mwenye nyumba ya wageni awapigie teksi ya asubuhi. Msitegemee kuita gari kwa programu ya simu kama mlivyozoea Lisbon. Pwani hii ina teksi chache, na dereva anayejua ana abiria saa mbili asubuhi hatakunywa kahawa yake mahali pengine. Kubalianeni bei usiku ule ule, na mwambieni idadi ya watu.

Badala ya teksi mnaweza kupanda basi linalotoka Milfontes kwenda Lisbon na kushuka Porto Covo. Ni nafuu, ila mabasi si mengi kwa siku, hupungua zaidi wikiendi, na la kwanza linaweza kuwa limechelewa kwa mtembeaji. Nunueni tiketi kabla.

Mkiwa na magari mawili, pelekeni yote Milfontes, acheni moja, rudini Porto Covo wote kwa jingine. Jioni mnafuata lile la Porto Covo. Inakula mafuta na muda, lakini haimtegemei mtu yeyote wa nje.

Kuna mbinu ya nne ambayo vijana huipenda: kundi moja lianze kaskazini, jingine kusini, mkutane njiani mbadilishane funguo. Ina raha yake. Ina pia matundu. Kundi la kutoka kusini litapigwa na upepo usoni siku nzima. Bima ya gari la kukodi huwahusu madereva walioandikwa kwenye mkataba tu, kwa hiyo andikisheni madereva wa pande zote mbili. Na kuna hatari ya kukutana, kukumbatiana, kula chakula pamoja, kupiga picha kumi, na kuagana bila kubadilishana funguo. Nimesikia watu waliofanya hivyo. Kwa sababu ya shemeji, siwacheki.

Ufunguo, basi. Asubuhi kabla ya teksi kufika, anayeushika aseme kwa sauti na auonyeshe. Ukae kwenye mfuko wenye zipu wa begi ambalo haliachwi popote, kamwe usikae kwenye nguo inayoweza kuvuliwa. Sisi sasa tuna utaratibu: dada yangu hukataa kuingia kwenye teksi mpaka auguse kwa mkono wake.

Ndani ya gari msiache kitu. Si koti, si waya wa chaja, si mfuko wa plastiki mtupu. Magari ya wageni kwenye maegesho ya fukwe na mianzo ya njia huvunjwa vioo, na mwizi haangalii kama begi lina kitu; anaangalia kama kuna begi. Mabegi makubwa yaachwe nyumba ya wageni, na msiyahamishie kwenye buti mkiwa tayari mmefika maegeshoni watu wakiwatazama.

Hesabu ya saa

Kwenye lami mtu mwenye afya anakwenda kilomita tano kwa saa. Kwenye mchanga wa Milfontes sahau. Hesabu kilomita tatu. Kwa hiyo kilomita 20 ni karibu saa saba za miguu, ongeza saa moja ya kula, kuogelea na kukaa tu.

Halafu rudi nyuma kutoka machweo. Katikati ya Oktoba jua hutua karibu saa moja jioni na huchomoza karibu saa mbili kasoro robo asubuhi. Teksi ikija saa mbili, mtaanza kutembea saa mbili na nusu na kufika Milfontes saa kumi na nusu jioni, mkiwa na zaidi ya saa mbili za mwanga mkononi kwa ajili ya malengelenge na hadithi. Aprili mwanga ni mwingi zaidi, mpaka karibu saa mbili usiku. Desemba jua hutua saa kumi na moja na robo, na hesabu haitoshi. Hapo chagueni kipande kifupi.

Ratiba za Ureno huandikwa kwa saa 24, na hapa Mswahili huteleza: 13:45 ni saa nane kasoro robo mchana. Mtego mkubwa zaidi ni siku. Wareno nao huhesabu siku kwa namba kama sisi, ila wao wanaanzia Jumapili ilhali sisi tunaanzia Jumamosi. Jumatatu yetu, siku ya tatu, kwao ni segunda-feira, siku ya pili. Kwenye ratiba za basi na vibao vya maegesho wanaifupisha 2ª. Kwa hiyo ukiona 3ª usidhani ni Jumatatu; ni Jumanne. Ongeza moja kila mara: 2ª ni Jumatatu, 3ª Jumanne, 4ª Jumatano. Alhamisi ni 5ª na Ijumaa ni 6ª. Jumamosi na Jumapili zina majina, sábado na domingo. Mjomba mmoja aliyekariri namba za siku kwa Kiswahili alikaa kituoni asubuhi nzima akisubiri basi la kesho.

Siku ya kutembea

Tembeeni kutoka kaskazini kwenda kusini. Upepo wa pwani hii, hasa miezi ya joto, hutoka kaskazini; wao huuita nortada. Sisi tungeuita kaskazi, ila huu ni wa baridi na hubeba mchanga. Ukiwa mgongoni unasukuma. Ukiwa usoni unachapa.

Alama za njia ni mistari miwili, kijani na buluu, iliyopakwa juu ya mawe na vigingi. Ikikunja, nawe kunja. Ukiona msalaba wa rangi hizo, umepotea, rudi alama iliyotangulia. Mistari nyeupe na nyekundu ni ya njia nyingine ya bara, usiifuate. Pakueni ramani kwenye simu kabla ya kutoka, kwa sababu mtandao hupotea chini ya magenge.

Maji chukueni si chini ya lita mbili kwa mtu. Mwendo mfupi kutoka Porto Covo mtafika mkabala na Ilha do Pessegueiro, kisiwa kidogo chenye magofu ya ngome, na ngome nyingine ufukweni ikikitazama. Pale ndipo pa kupumzika mara ya kwanza. Baada ya hapo hesabuni kwamba mko peke yenu na mlichobeba. Mkate, jibini, mayai ya kuchemsha na machungwa vinatosha. Dada yangu hubeba chapati zilizokunjwa na hanunui ushauri wa mtu.

Kisha vinakuja vilima vya mchanga. Ufuo wa Aivados, halafu Malhão, mrefu, mweupe, mzuri wa kukufanya usahau kwamba uko kazini. Hapa mguu unazama hatua kwa hatua na vigimbi hulalamika. Raba nyepesi zinazoshika vizuri hushinda buti nzito. Vaeni soksi ndefu au zile sokisi za nje za kuzuia mchanga, na kila mnapopumzika vueni viatu mkung'ute, hata kama mnaona uvivu. Lengelenge huanza na chembe. Maji yakiwa yamekupwa unaweza kushawishika kushuka na kutembea ufuoni ambako mchanga umeshikamana, lakini usifanye hivyo bila kujua saa ya kujaa na mahali pa kupandia. Kuna sehemu ambazo bahari hukubana dhidi ya genge.

Ukingo wa genge mara nyingine ni mchanga ulioning'inia juu ya hewa. Kaa mita chache ndani. Msimguse mvuvi bega mkitaka kumpita. Semeni bom dia kutoka mbali. Kuweka hema hairuhusiwi, kwa sababu pwani yote hii ni hifadhi ya mazingira, na vilevile kulala kwenye gari ufukweni kunaweza kukuletea faini. Namba ya dharura ni 112.

Kadiri unavyokwenda kusini, upande wa bara unaweza kuona paa za plastiki nyeupe zikimeta. Wilaya hii ya Odemira hulima matunda madogo ya kupeleka Ulaya ya kaskazini, na wanaoyachuma wengi ni vijana kutoka Nepal na India. Jioni Milfontes utawakuta dukani wakituma pesa nyumbani. Mtu wa ughaibuni hahitaji kuelezwa sura hiyo.

Utajua umekaribia mwisho ukiona bandari ndogo ya wavuvi, Porto das Barcas. Kutoka hapo hadi mjini ni mwendo rahisi. Mkae mle samaki. Mkate, zeituni na jibini vinavyowekwa mezani bila kuagizwa hulipiwa mkivigusa, msipovitaka, virudisheni. Asiyekula nguruwe aulize "tem porco?" hata kwenye supu, maana soseji yake huingia mahali usipotarajia.

Kurudi Lisbon, na mahali pa kuliacha gari

Rudini kesho yake. Usiendeshe kwa muda wa saa mbili gizani baada ya kutembea kwa muda wa saa saba mchana. Mkijaza mafuta njiani, gasolina ni petroli na gasóleo ni dizeli. Maneno yanafanana, lakini bei ya fundi atakayeosha tanki haifanani na bei ya petroli. Kwenye barabara kuu ya A2 mnachukua tiketi mnapoingia na kulipa mnapotoka. Njia yenye herufi V ya kijani ni ya wenye kile kidude tu. Kasi ya juu ni 120 kwenye barabara kuu, 90 nje ya miji, 50 mjini.

Sasa sikilizeni. Mtakuwa mnatoka kusini, na kati yenu na Lisbon kuna mto Tejo. Ushuru wa daraja la 25 de Abril hutozwa kwa wanaoingia Lisbon tu, na ng'ambo ya daraja kunawasubiri vilima, vichochoro na trami. Kwa nini mvuke na gari? Upande wa kusini, kabla ya daraja, kuna stesheni ya Pragal, na nyuma yake zaidi kusini, Coina. Zote zina maegesho makubwa kwa ajili ya abiria wa treni za Fertagus. Egesha hapo, nunua kadi ya usafiri iitwayo Navegante kwa kila mtu (kadi moja haiwezi kupitisha watu wawili), mpande treni. Tangu 1999 treni hupita ndani ya daraja lile lile, chini ya magari, mto wote ukiwa chini yenu. Kutoka Pragal hadi Sete Rios ni kama robo saa, na pale mnaunganisha na metro. Mnaotoka kaskazini tumieni maegesho ya pembezoni yaliyo karibu na metro, kama Colégio Militar/Luz kwenye laini ya buluu au Ameixoeira kwenye laini ya njano.

Kanuni ni ile ile ya Milfontes, imegeuzwa tu: kule gari lilitangulia mwisho, huku linabaki mlangoni.

Mara ya kwanza hatukufanya hivyo. Ramani ya simu ilituingiza kwenye kichochoro kilimani, kikapungua, kikapungua, mpaka vioo vya pembeni vikawa vinaombana nafasi na kuta. Mbele kulikuwa na ngazi. Shemeji alirudi kinyumenyume, gia ya mkono, mlima, huku bibi mmoja dirishani akimwelekeza kwa Kireno na kwa fagio. Tulipotoka alitupigia makofi.

Kama ni lazima mwingie na gari, haya ndiyo ya kujua. Mitaa ya zamani kama Alfama, Bairro Alto, Bica na Castelo imefungwa kwa vigingi vinavyochomoza ardhini, na wenyeji ndio wenye ruhusa. Mkiwa na malazi ndani yake, muulizeni mwenyeji kwanza kama anaweza kuwafungulia mshushe mizigo. Katikati, eneo la Baixa na Avenida da Liberdade, magari ya zamani yenye moshi mwingi hayaruhusiwi siku za kazi mchana. Gari jipya la kukodi halina tatizo hilo; gari kuukuu la rafiki linaweza kuwa nalo.

Maegesho ya barabarani husimamiwa na EMEL, kampuni ya jiji iliyoanzishwa 1994. Mitaa imepewa rangi. Kijani ni nafuu, halafu njano, nyekundu, kahawia na nyeusi, na kadiri unavyokaribia katikati bei hupanda na muda unaoruhusiwa kukaa hupungua. Unalipa kwenye mashine, au kwa programu ya ePark ukiandika namba ya gari, ambayo wao huiita matrícula. Soma kibao chote, hadi mstari wa chini. Dias úteis ni siku za kazi. Moradores au residentes ni wakazi tu, na wewe si mkazi hata kama umelala hapo wiki. Cargas e descargas ni ya kupakia na kushusha. Picha ya gari linalovutwa haina haja ya tafsiri. Ukikosea, unaweza kukuta tairi limefungwa mnyororo wa manjano, au usilikute gari kabisa, limebebwa na breki dauni.

Usumbufu wote huo unaepukika kwa kuingia maegesho ya chini ya ardhi. Kibao cha livre maana yake kuna nafasi, completo pamejaa. Chukua tiketi getini, tembea nayo, usiiache garini, kwa sababu unalipa kwenye mashine kabla ya kurudi kwenye gari. Angalia urefu wa dari kama mmebeba kitu juu. Piga picha ya namba ya ghorofa na ya mlango uliotokea. Maegesho ya chini yanafanana yote.

Na mtaani akitokea mtu akikupungia mkono kukuonyesha nafasi ambayo ulikwisha kuiona mwenyewe, huyo ni arrumador. Waliokulia Nairobi watamtambua kwa mwendo tu. Sarafu moja inatosha, lakini kumbuka kwamba hiyo si tiketi. Mashine nayo inakudai.